SAMAKI WA PESA NGAPI? Vyakula vya Hotelini na vya Maonyesho Mjini Kisumu

Wahenga walinena kuwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni afikaye Kisumu akiwa na njaa kali na shilingi chache mfukoni, hapana budi ajue mambo mawili matatu kabla hajaketi mezani. La sivyo, atakayepona ni mwenye hoteli peke yake!

Kila mwaka wanafunzi wengi hufika Kisumu kwa ajili ya michezo, tamasha za muziki na drama, au maonyesho ya kilimo. Wengi wao hushuka kwenye basi, hununua chipsi na soda, kisha hurudi kwao wakisema wameliona jiji. Hao wameona barabara tu. Mji huonjwa, hautazamwi tu. Katika makala haya nitaeleza watu wa Kisumu hula wapi, hula nini, bei huwekwa vipi, na mtu afanye nini asije akaugua. Aidha, nitajibu swali ambalo wageni wengi huliuliza: inakuwaje watu wanaoishi kando ya ziwa lenye samaki wakubwa namna ile wale mifupa?

HOTELI NI NINI?

Katika Kiswahili chetu cha Kenya, neno "hoteli" lisikutishe. Hoteli si lazima iwe na vitanda, ghorofa au bawabu mlangoni. Ukisikia mtu akisema, "Twende hoteli tule," huenda anamaanisha chumba kimoja cha mabati chenye meza nne, mabenchi, na kalenda ya mwaka juzi ukutani. Mgahawa ni jina lililo vitabuni zaidi kuliko midomoni. Chini ya hoteli kuna kibanda, ambacho hakina ukuta wa maana, ila kina jiko, sufuria na mama anayejua kazi yake. Mara nyingi chakula cha kibandani ndicho kitamu zaidi, kwa sababu mpishi hana menyu ya kujificha nyuma yake. Akiharibu samaki leo, kesho wateja watahamia kibanda cha jirani.

Kisumu kuna sehemu kadhaa za kula. Katikati ya mji, karibu na steji ya mabasi na soko la Jubilee, zipo hoteli za wasafiri. Hapo chakula huja upesi. Soko la Kibuye nalo hufurika watu, hasa siku ya Jumapili, na vibanda vyake vinauza kila kitu kuanzia uji hadi matumbo. Ukitaka samaki aliyetoka majini asubuhi ile ile, nenda ufuo wa Dunga, kusini mwa mji, ambako mashua hutia nanga na wanawake wanangoja na karai zao.

Zamani kulikuwa na safu ya vibanda vya samaki kando ya ziwa mahali palipoitwa Lwang'ni. Kwa Kiluo, neno hilo lina maana ya nzi! Ajabu ni kwamba jina hilo halikumfukuza mteja hata mmoja. Watu walitoka Nairobi wakaja kula Lwang'ni. Hata hivyo, vibanda hivyo vilibomolewa mwishoni mwa muongo uliopita wakati ardhi ya reli na bandari ilipokuwa ikitengenezwa upya, na wapishi wake wakatawanyika. Kwa hivyo, mtu akikuelekeza huko kwa kumbukumbu za zamani, mwambie habari zimepitwa na wakati.

LUGHA YA HOTELINI

Sisi wapenzi wa Kiswahili tuna raha ya ziada tunapoingia hotelini, kwa maana lugha ya humo ina sarufi yake. Hebu sikiliza:

"Karibu kastoma. Unakula nini?"

"Iko nini?"

"Iko samaki, matumbo, ng'ombe, madondo."

"Samaki ya pesa ngapi?"

"Iko ya mia mbili, iko ya tatu, iko ya nne."

"Niletee ya mia mbili na ugali moja."

Mwalimu wa sarufi akisikia "samaki ya mia mbili" atashika kichwa. Samaki ni kiumbe mwenye uhai, kwa hivyo ni samaki wa mia mbili. Lakini bwana, yule amekwisha kukaangwa, uhai wake uko wapi? Huo ndio ubishi wa hotelini, na sijaona mtu aliyewahi kuumaliza.

Kisha weita anarudi na sahani tano mkononi na kuuliza kwa sauti, "Nani ni matumbo?" Mzee mwenye suti anainua mkono na kusema, "Mimi ni matumbo. Huyu ni samaki." Hakuna anayecheka. Kila mtu hugeuka kuwa chakula chake mpaka atakapolipa. Nawashauri wenzangu msitumie lugha hii katika insha, lakini msiidharau pia. Inafanya kazi haraka, na hakuna anayeletewa sahani ya mwenzake.

Kumbuka pia kwamba bei hufuata ukubwa wa samaki, si mapishi. Uliza bei kabla ya kuagiza, na mwombe mama akuonyeshe samaki mwenyewe. Si aibu. Mwenyeji yeyote hufanya hivyo.

SAMAKI NA MAJINA YAKE

Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800. Katika eneo hilo, Tanzania ina karibu nusu, Uganda ina karibu asilimia 43, na Kenya tuna asilimia 6 tu. Lakini samaki hawajui mipaka, nao hubadilishwa majina kila wanapovuka.

Samaki anayependwa zaidi Kisumu ni ngege. Watanzania humwita sato au perege. Huyu ana mwili mpana, mifupa mikubwa inayoonekana, na nyama tamu. Ndiye unayemwona amelala sahani nzima, kichwa upande huu na mkia upande ule. Wa pili ni mbuta, ambaye upande wa Tanzania anaitwa sangara. Mbuta ni jitu la majini. Akikomaa sana anaweza kupita kilo mia moja, kwa hivyo huuzwa vipande. Wa tatu ni omena, yaani dagaa, ambaye Waganda wanamwita mukene. Yeye ni mdogo kuliko kidole, huvuliwa usiku kwa taa na kuanikwa juani. Wapo pia mumi, ambaye ni kambare, na kamongo, samaki wa ajabu anayevuta pumzi hewani kama sisi.

Mapishi ya kawaida ni mawili. Kuna kukaanga kavu, ambako samaki hutumbukizwa katika karai la mafuta ya moto mpaka ngozi iwe kama kaukau. Kuna pia ya supu, ambako yule yule aliyekaangwa hurudishwa sufuriani pamoja na nyanya, vitunguu na dania. Mgeni huanzia kwa kavu; mwenyeji hupenda ya supu, kwa sababu ugali huhitaji mahali pa kuchovya.

Namna ya kumla ngege ni hii. Nawa mikono yote miwili, weka uma kando. Anza mgongoni, si tumboni, kwa kuwa nyama ya mgongoni ni nene na haina miiba midogo. Vuta nyama kuelekea mkiani. Upande mmoja ukiisha, usimgeuze kwa pupa. Ng'oa uti wa mgongo wote kwa pamoja, na upande wa pili utabaki mweupe mbele yako. Kichwa usikiache. Kuna nyama mashavuni, na wazee wengi huko hawawezi kukiachia kichwa mtoto.

Omena nao wana siri yao. Kwa sababu baadhi yao huanikwa chini, huwa na mchanga. Mpishi mzuri huwamwagia maji moto, huwaosha mara kadhaa, kisha huwakaanga na kuwapikia nyanya. Ukisikia kokoto kati ya meno, jua mpishi alikuwa na haraka. Kumbuka vilevile kwamba kwa kawaida uvuvi wa omena hufungwa upande wa Kenya kuanzia Aprili hadi Julai ili wazaane. Wakati huo bei hupanda, na omena wengi sokoni hutoka kwa majirani.

MGONGO WAZI

Sasa turudi kwa lile swali la mifupa. Mbuta hakuwa mwenyeji wa Ziwa Victoria. Aliletwa katika miaka ya 1950. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa amezaana kupita kiasi na kuwala samaki wadogo waitwao fulu, hata aina nyingi za fulu zikatoweka kabisa. Wakati huo huo viwanda vikajengwa kando ya ziwa, Kisumu ikiwemo, kwa ajili ya kumchuna mbuta na kupeleka minofu yake Ulaya na kwingineko.

Kiwandani, samaki hukatwa minofu miwili, wa kushoto na wa kulia. Minofu hugandishwa na kusafirishwa. Mfuko wake wa hewa, ambao Watanzania huuita bondo, nao huuzwa ghali na kupelekwa China. Kinachobaki ni kichwa, uti wa mgongo, mkia, na nyama kidogo iliyoshikamana na mifupa. Mabaki hayo ndiyo mgongo wazi. Jina lenyewe ni la mzaha, kama lile la nguo za kina dada zinazoacha mgongo nje, lakini ni mzaha wenye ukweli ndani yake.

Wanawake hununua mabaki hayo kutoka viwandani, hasa wale wa mtaa wa Obunga, ulio karibu. Huyakatakata, huyaanika, huyakaanga kwa mafuta mengi, kisha huyauza mtaani na masokoni, hata nje ya Kisumu. Kwa familia isiyoweza kununua samaki mzima, mgongo wazi ndiyo samaki. Mchuzi wake una ladha, na mifupa laini ya kichwani hutafunwa ikaisha.

Watu wengine huwacheka wanaokula mgongo wazi. Mimi naona hakuna cha kuchekwa. Mama anayesimama mbele ya karai la moto tangu alfajiri ndiye anayelipa karo ya mtoto ambaye pengine anaketi dawati moja nawe. Kama kuna jambo la kujiuliza, ni jinsi nyama ya samaki inavyoruka kwa ndege hadi ng'ambo huku uti wa mgongo ukibaki kwa aliyemvua. Mwishoni mwa miaka ya 1990, wakati Ulaya ilipozuia mara kadhaa samaki wa ziwa letu kwa kuhofia usalama wake, viwanda vilitikisika na kina mama hao wakatikisika navyo. Katika miaka ya baadaye mbuta wamepungua, na baadhi ya viwanda vimefungwa. Mabaki nayo yakapata bei. Hata mfupa umekuwa mali!

Kwa sababu samaki wa ziwani wamepungua, siku hizi hotelini utakuta pia ngege waliofugwa katika vizimba ziwani, na wengine waliogandishwa kutoka China. Si kosa kumuuliza mama, "Huyu ni wa wapi?" Mama mwaminifu atakuambia.

SI SAMAKI TU

Mwenye kudhani Kisumu kuna samaki peke yake amekosa nusu ya utamu. Hebu agiza mboga za kienyeji. Kuna osuga, yaani mnavu. Kuna dek, ambayo wengine wanaijua kwa jina la saga. Kuna apoth, ule mrenda unaoteleza. Na kuna bo, majani ya kunde. Baadhi ya mboga hizi ni chungu. Ndiyo maana wapishi huzichanganya, huzichemsha taratibu, kisha huzitilia maziwa na kuziacha zikolee. Zikirudishwa motoni siku ya pili huwa tamu kuliko siku ya kwanza. Mboga ya namna hii ikikutana na ugali wa mtama au wimbi, ambao ni mweusi na mzito, basi hutauliza habari ya chakula cha jioni.

Ipo pia nyama iitwayo aliya, ambayo hukaushwa juani ndipo ipikwe. Hii ilikuwa njia ya kuhifadhi nyama kabla ya friji kujulikana. Mwenye pesa kidogo kabisa atapata nyoyo, ambayo kwingine tunaiita githeri, au madondo kwa chapati. Hicho ni chakula kamili, na mwanafunzi hana sababu ya kukionea haya.

Na hiyo chapati ilifikaje huko? Reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu, wakati huo mji ukiitwa Port Florence, mwaka wa 1901. Wahindi waliojenga reli na waliofuata kufanya biashara walileta mapishi yao pamoja na maneno yake: chapati, bajia, achari. Waislamu wa mji nao wakaleta pilau na mahamri. Karne moja baadaye, mwaka wa 2001, Kisumu ilipotangazwa kuwa jiji, chapati ilikuwa imeshakuwa mwenyeji, na leo hakuna Krismasi ya kijijini isiyokuwa nayo.

VYAKULA VYA MAONYESHO

Maonyesho ya kilimo ya Kisumu kwa miaka mingi yalifanyika uwanja wa Mamboleo. Sehemu ya ardhi hiyo baadaye ilijengwa uwanja wa michezo wa Jomo Kenyatta, uliotumika katika sherehe za Madaraka tarehe 1 Juni 2021. Lakini uwe Kisumu, Eldoret au Kakamega, chakula cha maonyesho hakitofautiani sana.

Langoni utapokewa na moshi wa mahindi ya kuchoma, yanayopakwa ndimu na pilipili. Mbele kidogo kuna mayai ya kuchemsha yaliyopasuliwa na kujazwa kachumbari, soseji, viazi karai, njugu karanga na sambusa. Kuna ile sukari ya nyuzinyuzi inayofanana na pamba, ambayo mtoto hulilia nusu saa na kuimaliza kwa dakika moja. Kisumu zaidi ya kwingine utaona miwa, kwa sababu mashamba ya miwa yako karibu, upande wa Kibos, Miwani, Chemelil na Muhoroni. Muwa hukatwa vipande, hutiwa katika mfuko, na ndio peremende ya watu wa huko.

Kwa nini vitu vya maonyesho ni ghali? Sababu ni rahisi. Muuzaji hulipia nafasi, hulipia usafiri wa jiko na makaa, na ana siku chache tu za kurudisha pesa zake. Isitoshe, anajua kwamba ukishalipa kiingilio hutatoka nje kwenda kutafuta nafuu. Kwa hivyo, mwanafunzi mwerevu hula chakula kizito mjini asubuhi, hubeba maji yake, na akiwa uwanjani hununua kitu kimoja anachokitamani kweli. Pia wenzake wakichanga pesa, mfuko mmoja wa miwa huwatosha wanne.

TUMBO HALIAZIMWI

Jambo la mwisho ndilo zito. Kipindupindu na homa ya matumbo si hadithi. Eneo la Nyanza limepatwa na kipindupindu zaidi ya mara moja. Vijidudu vyake hupitia maji machafu, mikono isiyooshwa, na nzi watokao chooni wakatua chakulani. Wala huhitaji kuwa daktari ili kujikinga. Tazama mambo haya:

Kwanza, je, kuna mtungi wenye bomba na sabuni ya kunawia? Beseni moja ambalo watu kumi wananawia humo humo halioshi mtu, linagawa uchafu. Pili, chakula kitoke motoni. Samaki aliyekaangwa asubuhi na kukaa wazi hadi saa tisa arudishwe kwenye mafuta moto mbele yako. Tatu, ogopa kachumbari na matunda yaliyokatwa ukiwa huyajui maji yaliyoyaosha. Muwa menya mwenyewe ukiweza. Nne, tazama mafuta ya karai. Yakiwa meusi kama oili ya gari, nenda zako. Tano, ukinunua samaki mbichi, macho yawe maangavu, matamvua yawe mekundu, na nyama ukiibonyeza irudi mahali pake.

Anayepika au kuhudumu hotelini anatakiwa kupimwa afya kila baada ya miezi sita na kupewa cheti. Hoteli nyingi hukibandika ukutani. Kisome, tena usome na tarehe. Na ukiona mahali si safi, usiondoke ukinong'ona tu, mwambie mwenyewe kwa adabu, "Mama, maji ya kunawa yamekwisha." Mara nyingi atakushukuru, kwa sababu biashara yake ndiyo shamba lake, na mteja mmoja akiugua habari huenea soko zima kabla ya jua kutua.

Kwa hayo machache, msomaji mpenzi, nakutakia safari njema na mlo mwema. Ukifika Kisumu, uliza bei, nawa mikono, anzia mgongoni, na ukimaliza umwambie mpishi, "Erokamano," yaani ahsante kwa Kiluo. Huenda kesho yake samaki wa mia mbili akawa mkubwa kidogo!